Mizani Haijui Kilichopungua

Simu za nyumbani huwa na hukumu mbili. "Umenenepa" ni pongezi, hasa ikitoka kwa bibi. "Umekonda" ni kuulizwa kama unaumwa. Na mtu mnene husifiwa kuwa ana afya. Sisi tuliokulia Stockholm tunayasikia haya kwa sikio la Kiswidi. Ndiyo maana mwenzetu anayetoka kwenye jeraha, akiambiwa afya imemkubali, hukata simu akaacha kula.

Hilo la kuacha kula ndilo tunalolipinga.

Tunawajua wanachama walioumia goti uwanjani au mgongo. Miezi inapita bila kugusa vyuma, tena miezi ya giza. Mtu anarudi na kilo za ziada, paja moja limesinyaa kuliko jingine, na anataka nguvu zirudi na tumbo liondoke kwa mpigo, kabla ya safari ya Juni.

Vyote viwili vinawezekana, na aliyewahi kufanya mazoezi ana bahati: msuli uliopotea hurudi haraka kuliko ulivyojengwa mara ya kwanza. Lakini haujengwi kwa njaa. Anayekula nusu sahani hupungua kweli, ila sehemu ya anachopoteza ni msuli ule ule alioufuata jimu, na goti lililopona linautegemea msuli wa paja. Inatosha kupunguza chakula kidogo, mwili upoteze takribani nusu kilo kwa wiki. Protini iwe kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 112: mayai, maharage, samaki, kvarg ya hapa, na dagaa kwa anayestahimili malalamiko ya wenzake wa jiko la pamoja. Ugali hauna kosa. Kosa ni mlima wa ugali kwa kitoweo cha kijiko kimoja.

Wiki za mwanzo mizani inaweza isishuke, hata ikapanda, kwa sababu msuli unaoanza kazi upya huhifadhi maji. Wengi hukata tamaa hapo. Afadhali kupima kiuno kwa utepe na kuandika uzito wa vyuma ulivyonyanyua.

David Rudisha aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 London 2012, dakika 1:40.91, kisha goti likamkosesha mashindano ya dunia ya Moscow 2013. Mwaka 2014, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, alishindwa na Nijel Amos wa Botswana. Dhahabu ya dunia aliipata tena Beijing 2015, na ya Olimpiki Rio 2016. Mwanafunzi anayejipa wiki sita amejipangia nini?

Lugha nayo inachangia. Tunasema "kupunguza uzito" ilhali tunachotaka kupunguza ni mafuta. Vijana wa Dar wana neno linalofaa zaidi, "kujazia", la mtu aliyejengeka misuli, na tungependa kulisikia zaidi katika mikutano yetu.

Anayerudi amwone kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hapa Stockholm huhitaji rufaa ya daktari. Jimu ikiwa ghali, kuna vyuma vya bure kwenye bustani na misitu ya mji. Na kwenye jioni zetu za chakula, tuache kuhesabu vijiko vya wenzetu, wanaoongeza na wanaopunguza.