Ruzuku Ipimwe kwa Matokeo: Somo la Usalama wa Wavuvi Ziwa Victoria

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Jioni inapoingia katika mialo ya Igombe na Kayenze, wilayani Ilemela, mitumbwi ya dagaa huanza kujiandaa kwa safari ya usiku. Taa hupakiwa, nyavu hukunjwa, na vijana hupanda chomboni wakielekea kwenye maji ambayo hali yake hubadilika kwa muda mfupi upepo unapovuma. Wengi wao hurejea alfajiri wakiwa salama, lakini wapo wasiorejea.

Tuchukulie kuwa shirika la kijamii limepewa ruzuku ya kupunguza vifo vya aina hiyo. Limenunua majaketi okozi 200, limeendesha semina na wavuvi 300 wamesaini karatasi za mahudhurio. Risiti zote zipo na mkaguzi wa hesabu hana hoja. Hata hivyo, endapo majaketi hayo yamefungiwa stoo kwa sababu mwenye chombo anahofia kuibiwa, au wavuvi hawayavai kwa kuwa yanawazuia kuvuta nyavu, fedha zitakuwa zimetumika kihalali na mvuvi hatakuwa salama zaidi ya alivyokuwa jana.

Hapo ndipo ulipo msingi wa mjadala wa ruzuku zinazozingatia matokeo. Kwa muda mrefu taarifa za miradi zimejibu swali la nini kimefanyika. Swali ambalo mwananchi anastahili kujibiwa ni nini kimebadilika. Semina ni shughuli na jaketi lililogawiwa ni zao la shughuli hiyo. Matokeo huanza pale mvuvi anapolivaa kila anapotoka, na hukamilika anaporudi nyumbani akiwa hai.

Uzito wa suala hili unafahamika vyema mkoani Mwanza. Taifa halijasahau kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei, 1996, wala ajali ya kivuko cha MV Nyerere iliyotokea karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, tarehe 20 Septemba, 2018 na kuchukua maisha ya watu zaidi ya 220. Ajali hizo zilitikisa nchi nzima. Mvuvi mmoja anayezama usiku huombolezwa na familia yake na wenzake wa mwaloni, na mara nyingi habari yake huishia hapo. Kwa upande wa dunia, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walifariki kwa kuzama maji mwaka 2021, na Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa Siku ya Kuzuia Kuzama Maji Duniani.

Katika eneo hili, asasi za kiraia zimekuwa mstari wa mbele. Shirika la EMEDO, lenye makao yake jijini Mwanza, limekuwa likifanya kazi ya kuzuia kuzama maji miongoni mwa jamii za wavuvi kwa ushirikiano na RNLI, shirika la hisani la uokoaji majini la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1824. Kazi ya namna hii inaonesha ugumu wa kupima matokeo, kwa kuwa mafanikio yake ni tukio ambalo halikutokea.

Ikumbukwe kuwa kulipa kwa kuzingatia matokeo si jambo geni nchini. Mwaka 2015, Serikali ilianza utaratibu wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na huduma zilizotolewa na ubora wake katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, na baadaye kuupeleka katika mikoa mingine ukiwemo Mwanza. Taarifa za kituo zilihakikiwa kwanza, malipo yakafuata. Aidha, vituo vilivyokuwa na hali duni vilipewa fedha za kujiimarisha kabla ya kuingizwa katika utaratibu huo. Vilevile, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umekuwa ukiunganisha sehemu ya ruzuku kwa kaya maskini na mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki.

Somo la vituo dhaifu vya afya lina maana kubwa kwa mwambao wa ziwa. Mfadhili anayetaka matokeo ya haraka atavutiwa na mialo iliyo karibu na jiji, inayofikika kwa gari na yenye viongozi waliozoea kuandika taarifa. Kambi ya uvuvi iliyo kisiwani, ambako wavuvi huhama kila msimu, itaonekana kuwa ghali na yenye matokeo hafifu. Bila fedha za maandalizi, kipimo cha matokeo kinaweza kuwanyima msaada walio katika hatari kubwa zaidi.

Hatari ya pili imo katika takwimu zenyewe. Iwapo shirika litalipwa kwa sababu tu vifo vilivyoripotiwa vimepungua, kutoripoti kifo kutakuwa na faida. Kwa upande mwingine, mradi unaofanya kazi vizuri unaweza kuongeza idadi ya vifo vinavyoripotiwa katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa matukio yaliyokuwa yakipita kimya sasa yanaandikwa. Mtoa ruzuku asiyelielewa hilo anaweza kumwadhibu anayesema kweli.

Njia bora ni kukubaliana mapema juu ya vipimo vichache vinavyoweza kuonekana kwa macho. Ni vyombo vingapi, kati ya vilivyohesabiwa siku isiyotangazwa, vimeondoka na watu wote wakiwa wamevaa majaketi? Daftari la matukio la mwalo linajazwa kila wiki? Hesabu kama hiyo ifanyike kabla ya mradi kuanza ili pawe na cha kulinganisha, na uhakiki ufanywe na mtu asiyelipwa na mradi. Vikundi vya Usimamizi Shirikishi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU), ambavyo vipo mialoni, vinaweza kusaidia kutunza kumbukumbu hizo.

Serikali nayo imewahi kujifunza somo hili kwa gharama. Mwezi Aprili, 2023, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisitishwa ili utaratibu wake uboreshwe, baada ya ukaguzi kubaini kasoro zikiwemo vikundi hewa na marejesho duni, kabla ya kurejeshwa mwaka 2024. Fedha ya umma au ya hisani isiyofuatiliwa hadi kwa mlengwa hupotea njiani.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho na kanuni zake, inayataka mashirika hayo kuwa na uwazi katika mapato na matumizi ya fedha. Wananchi wanayo nafasi ya kuufanya uwazi huo kuwa na maana. Shirika linapofika mwaloni au kijijini, ni haki yao kuuliza katika mkutano wa hadhara: mmekuja kubadilisha nini, mtajuaje kuwa kimebadilika, na lini mtarudi kutueleza? Mradi ulioandaliwa vizuri utakuwa na majibu ya maswali hayo tangu siku ya kwanza.