Mchumba Kachelewa, Freud Kanihukumu!

Mimi mwenzio wiki hii nimepata kasheshe, na kwa kuwa hapa tumezoea kuambiana ukweli, sitakuficha.

Jumamosi nilikuwa na miadi na mchumba wangu, saa kumi na moja jioni. Nikafika, nikaagiza soda, nikakaa. Saa kumi na mbili kasoro robo, hola. Napiga simu, haipatikani. Saa kumi na mbili na robo ndiyo huyo anaingia, anahema, kiatu kimoja kimekatika mkanda kakishika mkononi. "Samahani mpenzi, nimechelewa kidogo tu, foleni."

Jamani, nikalipuka! Nilimwambia maneno ambayo hata gazeti hili, pamoja na ujasiri wake wote, haliwezi kuyachapa. Watu wa meza za jirani wakaacha kula, wakawa wanaangalia sinema ya bure. Mwenzangu hakujibu kitu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema taratibu: "Hii ni mara ya nne. Hasira hizi si za kuchelewa kwangu. Katafute ni za nani, halafu ndiyo unipigie." Akaondoka na kiatu chake mkononi.

Nikabaki nimeduwaa. Hasira zangu, halafu niende nikatafute ni za nani? Nikamwendea mshikaji wangu mmoja aliyesomea saikolojia. Alicheka hadi machozi, akanikabidhi furushi la vitabu. "Huyo mchumba wako ni mganga," akasema. "Swali alilokuuliza ndilo wazee hawa wamegombania miaka zaidi ya mia." Basi kaa mkao wa kula, nikupeleke kwa wazee wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Kesi ni moja, mahakimu ni wengi.

Mzee wa kwanza ni Sigmund Freud, daktari aliyezaliwa mwaka 1856 na kufanya kazi Vienna, Austria. Huyu ndiye baba wa fani yenyewe, saikoanalisisi. Yote yalianzia kwa rafiki yake, daktari Josef Breuer, aliyekuwa na mgonjwa wa kike ambaye akisimulia yaliyomsibu, baadhi ya dalili za ugonjwa zinapungua. Mwaka 1895 madaktari hao wawili wakatoa kitabu juu ya mambo hayo. Freud akaendelea kivyake: mgonjwa analala kwenye kochi, anasema chochote kinachomjia kichwani, hata kama ni cha kipuuzi au cha aibu, na daktari anasikiliza. Kochi lenyewe alipewa zawadi na mgonjwa wake, na mpaka leo lipo kwenye nyumba yake ya makumbusho London.

Hoja ya Freud ni hii: sehemu kubwa ya nafsi yako hauijui. Mambo yanayouma au yanayotia haya unayasukuma chini, lakini hayafi. Yanatokea kwenye ndoto, kwenye ulimi kuteleza, kwenye hasira zisizo na kichwa wala miguu. Mwaka 1923 akaigawa nafsi mafungu matatu: anayetaka na anataka sasa hivi, hakimu anayekemea kwa sauti ya wazazi, na msuluhishi maskini wa katikati, ambaye kila siku kazi yake ni kutuliza ugomvi.

Hapo nikafunga kitabu, maana nilikumbuka kitu. Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Akiondoka ananiambia, "Narudi Jumamosi." Basi Jumamosi mimi huyo kibarazani tangu mchana, nimeoga, nimepakwa mafuta, nasikiliza ngurumo ya kila gari. Mara nyingine alikuja Jumanne. Kumuuliza? Thubutu! Freud angesema: hasira ya yule mtoto wa kibarazani haikupata pa kwenda. Iliminywa, ikasubiri miaka, Jumamosi ikamwangukia binti wa watu mwenye kiatu kibovu.

Ungedhani kesi imekwisha. Wapi! Wanafunzi wa Freud nao walikuwa na yao.

Wa kwanza kujitoa alikuwa Alfred Adler, mwaka 1911. Alikuwa mgonjwa-mgonjwa utotoni, na alisema kila binadamu anaanza maisha akijiona mdogo na dhaifu, kisha anapambana kupanda juu. Wengine wanapanda kwa kazi na kwa kusaidia watu, wengine kwa kuwakanyaga wenzao. Ndiye pia aliyetilia mkazo nafasi yako katika kuzaliwa: kifungua mimba, wa kati au kitinda mimba. Adler asingeniuliza hasira imetoka wapi, angeuliza inakwenda wapi. Ulipokuwa unafoka mbele za watu ulitaka kupata nini? Jibu la aibu: nilitaka nionekane bwana mkubwa. Asiyesubirishwa.

Kisha akaja Carl Jung, Mswisi. Walipokutana na Freud mwaka 1907 walipiga stori saa kumi na tatu mfululizo. Mwaka 1909 wakapanda meli moja kwenda Marekani, njiani wakawa wanafasiriana ndoto. Jung anasimulia kwamba alipomchimba Freud zaidi, mzee akagoma, eti atapoteza heshima. Urafiki ukaanza kuchacha, na Januari 1913 wakaandikiana barua za kukata mawasiliano. Watu waliobobea katika moyo wa binadamu, na bado wakashindwa kupatana! Mimi na soda yangu ni nani?

Jung alisema chini ya nafsi yako binafsi kuna hazina nyingine ambayo ni ya wanadamu wote, ndiyo maana hadithi za mataifa ya mbali zinafanana. Na huyu bwana alifika huku kwetu. Mwishoni mwa 1925 alishuka meli Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, akaenda mpaka Mlima Elgon. Huko aliketi na wazee akiwauliza juu ya ndoto, kwa Kiswahili cha kuungaunga na kamusi ndogo mkononi. Mganga mmoja mzee alimwambia kwa huzuni kuwa tangu Waingereza waje ndoto zimekoma, maana sasa wao ndio wanaojua kila kitu. Ukiitafakari sana kauli hiyo hulali.

Jung alifundisha pia kwamba kila mtu ana kivuli, yaani zile tabia zake asizotaka kuzikubali, na kwamba mara nyingi kinachokuchefua kwa mwenzako ni kivuli chako mwenyewe. Mimi nachukia wachelewaji. Sasa muulize mhariri wa gazeti hili makala yangu inamfikia saa ngapi kila wiki. Tuyaache hayo.

Wakaja akina mama, na ugomvi ukanoga. Anna, bintiye Freud, mwaka 1936 alitoa kitabu kuhusu njia ambazo nafsi hujikinga na maumivu. Kukana ni mojawapo, na kumbebesha mwingine hisia zako ni nyingine. Ipo pia kuhamisha hasira, na hii unaijua: bosi kamfokea baba, baba kamfokea mama, mama kamchapa mtoto, mtoto kampiga teke paka. Mimi Jumamosi nilipata paka wangu.

Mpinzani wake alikuwa Melanie Klein, mzaliwa wa Vienna aliyehamia London mwaka 1926. Klein aliwapa watoto vijigari na vijisanamu, akawasoma nafsi kupitia michezo yao. Alisema kichanga humgawa mama yake vipande viwili: mama anayenyonyesha ni mwema kabisa, mama anayekawia ni mbaya kabisa. Kukua ni kugundua kwamba mwema na mbaya ni mtu mmoja, kisha kuumia kwa kuwa ulimchukia unayempenda. Hapa nilijikuna kichwa. Saa kumi na moja mchumba wangu alikuwa malaika. Saa kumi na mbili na robo alikuwa ibilisi. Katikati, mtu wa kawaida aliyekwama kwenye foleni sikumuona.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu ya Wajerumani yakidondoka London, wafuasi wa Anna na wa Klein walikuwa ukumbini wanalumbana nani mrithi halali wa Freud. Mwishowe chama chao kikagawanyika makundi matatu, la tatu likiwa la wasiotaka kufungamana na upande wowote. Humo alikuwemo daktari wa watoto, Donald Winnicott, ambaye ndiye niliyempenda. Alisema mtoto hahitaji mama mkamilifu. Anahitaji mama wa kutosha tu, anayekosea kidogo kidogo kwa kiasi ambacho mtoto anaweza kukivumilia. Kwa njia hiyo anajifunza kwamba dunia haiendeshwi na kilio chake. Wachumba wa kutosha je? Nadhani nao wapo, sema tunawafokea.

John Bowlby, Mwingereza mwingine, alisema tuache njozi tutazame yaliyotokea kweli: mtoto anahitaji mtu wa kumshikilia kama anavyohitaji chakula. Aliyekuwa amefanya naye kazi, Mary Ainsworth, akaja Uganda mwaka 1954, akatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia mama na watoto wao. Aliona mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye anayethubutu kutambaa mbali, akijua kituo kipo. Asiye na uhakika anang'ang'ania na kulia hata mama akiwepo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na elimu hiyo inayofundishwa dunia nzima ilianzia kwenye mikeka ya majirani zetu.

Mfaransa Jacques Lacan namtaja mwisho kwa sababu ndiye mgumu kuliko wote. Wenzake wanampa mgonjwa karibu saa nzima, yeye alikuwa anaweza kumkatisha baada ya dakika chache, na ugomvi huo ulichangia yeye kuanzisha chama chake Paris mwaka 1964. Lakini neno moja lake limenikaa: mtu anapodai kitu, nyuma ya kitu hicho anadai kupendwa. Nilikuwa nadai saa kumi na moja kamili. Kumbe saa ilikuwa kisingizio.

Sasa usije ukameza kila kitu. Mwanafalsafa Karl Popper, ambaye ujanani alijitolea kwenye kazi za Adler na watoto, alisimulia kwamba alimpelekea Adler habari za mtoto mmoja, na Adler akaeleza tatizo lote bila hata kumuona mtoto. Popper akauliza: nadharia ambayo kila tukio linaithibitisha, itakosea lini? Swali zuri, bado lina nguvu. Basi usitoke hapa ukaanza kumfasiria kila mtu ndoto kijiweni. Na kama hulali, huli, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali ukaonane na daktari. Usiogope kuitwa wa Mirembe. Wanaokucheka wana ya kwao yamewajaa.

Mimi nilianza na aliye hai. Jumatano usiku nilimpigia baba, siku hizi mstaafu, tukazunguka mada weee, mwisho nikamuuliza juu ya zile Jumamosi. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nilikuwa nataja siku ya karibu ili usilie." Basi. Hakuongeza neno, nami sikuweza kusema kitu.

Jana nikampigia mchumba wangu. Nimemwambia nimejua hasira ni za nani, na kwamba zilikuwa zimekosea anwani. Hakusema amenisamehe. Amesema Jumamosi, saa kumi na moja, palepale, tutaongea.

Nitakuwepo. Akichelewa, nitaagiza soda ya pili. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.