AFYA YA NYUMBANI: Pumu ya Watoto na Chupa ya Maji

Baba na mama wengi huku Mbaha wametuuliza: mtoto mwenye pumu anunuliwe chombo gani cha kuvutia dawa? Swali hili ni zito, maana vyombo ni vya namna nyingi, fedha ni chache, na kifua kikibana usiku, safari ya kwenda hospitali ya Liuli si fupi.

Kwanza tuondoe neno moja. Husemwa ya kwamba dawa ya kuvuta humfanya mtoto kuwa mtumwa wake na kuudhoofisha moyo, heri vidonge. Sivyo. Mpulizo mmoja wa salbutamol una mikrogramu 100 tu. Kidonge kidogo kina miligramu 2, yaani mara 20, nacho huzunguka mwili mzima kabla ya kufika mapafuni. Ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo hupiga mbio.

Basi, vyombo vyenyewe. Kiko cha unga mkavu. Chamfaa mtu mzima, bali chataka pumzi ya nguvu, ambayo mtoto wa chini ya miaka 6 kwa kawaida hana; tena unyevu huugandisha unga, nasi twakaa kando ya ziwa. Iko mashine ya umeme, nebulaiza, igeuzayo dawa kuwa ukungu. Watu huistahi sana kwa ngurumo yake, lakini umeme ukikatika ni sanduku tu. Halafu liko kopo la kupulizia, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1956, ambalo wengi huliita inhela. Upungufu wake ni kwamba dawa hutoka kwa kasi, na mtoto hawezi kuvuta pumzi papo hapo, hivyo nyingi huishia kooni.

Upungufu huo huponywa kwa chumba kidogo cha hewa kati ya kopo na kinywa. Pumu isipokuwa kali mno, kopo na chumba hicho hufanya kazi sawa na mashine. Vya dukani ni ghali. Lakini mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walitangaza jambo la kufurahisha: kwa watoto wa miaka 5 hata 13, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vema ilifaa sawasawa na chombo cha dukani. Chupa isiyozibwa ilipungua, na kikombe kilishindwa kabisa. Kitako cha chupa hutobolewa kwa waya wa moto, tundu lenye umbo la mdomo wa kopo, kisha pembeni hutiwa gundi hewa isivuje. Mwombeni mganga awaonyeshe mara ya kwanza.

Likitikiswa kopo, hupulizwa mara moja, na mtoto huvuta na kutoa pumzi taratibu mara 5, midomo ikiishika chupa; ndipo mpulizo wa pili. Wengine hupuliza mara nne kwa pamoja. Ni kupoteza dawa. Mtoto wa chini ya miaka 4 ahitaji kifuniko cha uso, tena atulizwe kwanza, kwa kuwa dawa haimfikii vema anayelia. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke yenyewe. Ikipanguswa kwa kitambaa, plastiki huinasa dawa.

Nanyi walimu, kopo na chupa visifungiwe kabatini. Vikae darasani karibu na mtoto. Akishindwa kusema au kunywa, midomo ikigeuka samawati, mbavu zikibonyea, apelekwe hospitali saa ile ile, naye aendelee kupuliziwa njiani.