Jina Lake Kwa Jalada, Kitabu Si Chake

Wasee wa Damon na wasee wa Stefan, leo wekeni vita chini kidogo. Najua komenti zitajaa matusi lakini nitasema tu. Hivyo vitabu vya Stefan's Diaries mnavyopigia debe kila wiki ni dharau kwa mama aliyewapa hao vampaya. Na mimi ni mmoja wa waliovinunua.

Nilipata cha kwanza, Origins, kwa inama huko tao, 200 bob, kona zimeliwa. Kwa jalada kuna sura za waigizaji wa TV, na jina la L. J. Smith liko hapo. Nikajua ni yeye. Stima zikapotea nikamalizia na tochi ya simu. Manze, nilihisi kama nimealikwa kwa mtu, nikafika nikapata mwenyeji alishahama.

Maanake nilikuwa nimesoma vitabu vyake vya 1991. Huko Stefan na Damon ni vijana wa Italia, enzi za Renaissance, karne ya 15. Origins inasema ni watoto wa Virginia, mwaka ni 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vinaendelea. Hiyo ni historia ya TV, si yake. Kwa hivyo jina la mwandishi linauza kitabu kinachofuta kile alichoandika! Soma maandishi madogo utaona wanasema ati "kimetokana" na riwaya zake na ile series. Aliyekiandika ni mtu mwingine ambaye hata hawakumtaja. Viko sita hivyo, 2010 hadi 2012.

Ilifikaje hapo? Smith hakuamka siku moja na wazo la ndugu wawili wanyonya damu. Kuna kampuni ambayo kazi yake ni kubuni wazo la kitabu kisha kutafuta mtu wa kuliandika. Ndiyo hiyo baadaye ikawa Alloy Entertainment. Walimpa kazi, akasaini mkataba wa kazi ya kukodiwa, akalipwa dola elfu chache. Yeye mwenyewe alikuja kusema hakuelewa maana ya huo mkataba. Elena, Stefan, Damon, Bonnie, wote ni mali ya kampuni.

2009 series ikaanza, ikaenda misimu minane. Smith alikuwa amerudi kuandika vitabu vipya. 2011 wakamfuta. Wakampa mtu mwingine aendelee na riwaya, jina lake likabaki juu, sasa na neno kwamba yeye ndiye "muumba". Muumba aliyefukuzwa kwake!

Unajua alifanya nini? 2013 Amazon walifungua Kindle Worlds, mahali shabiki angeuza hadithi zake kuhusu wahusika wa watu, mwenye mali akipata mgao. Smith akaingia huko, akauza hadithi za Damon na Elena kama shabiki mwingine yeyote. 2018 Amazon wakafunga hiyo kitu pia. Yeye alifariki 2025.

Sasa kuna mtu tayari anaandika, "Si alisaini mwenyewe?" Ndiyo, alisaini. Na mimi nilisaini. Baada ya kuacha chuo nilikuwa na njaa, kampuni fulani ikaniambia niwaandikie klipu za vichekesho. Nikabuni mhusika, makanga mzee anayejifanya wakili. 15,000 kwa script kumi, nikaona nimeomoka. Leo huyo makanga anaigizwa na msee sijawahi kukutana naye, anatangaza bidhaa, na mimi nikimtumia hata kwa simu yangu mwenyewe naambiwa nitashtakiwa. Kuna siku mamangu alicheka moja ya hizo klipu hadi akatoa machozi, akaniuliza kwa nini siandiki vitu kama hivyo.

Na usidhani ni mambo ya Marekani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31: kazi ukiagizwa, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mkubaliane vingine. Hebu soma tena hapo kwa "isipokuwa". Mkikaa kimya, umepoteza. Sentensi moja tu kwa mkataba, kwamba mhusika anabaki wako, ingeniokoa. Hakuna aliyeniambia, na sikuuliza kwa sababu niliogopa wataona najifanya.

Sichukii series, tafadhali. Bonnie wa kitabuni ni mzungu mwenye nywele nyekundu. Wa TV ni Kat Graham, na siwezi kukubali kumrudisha. Kubadilisha hadithi si dhambi. Shida yangu ni kumtoa mtu nyumbani na kubaki na jina lake mlangoni ili wateja waendelee kuingia. Kama aliyeandika Origins alifanya kazi nzuri, si wamwandike jina lake? Hata yeye naye wamemnyima.

Kwa hivyo mkiposti hizo kopi, acheni kuandika "L. J. Smith ni malkia". Hapo yeye hakuandika. Na nyinyi mnaoniandikia inbox ati mmepata dili ya script, nitumieni mkataba kabla ya kusaini, si baada. Mimi si wakili, lakini hiyo sentensi moja najua kuitafuta.

Mwenye ako na Dark Reunion, hata bila jalada, aniambie. Nabadilishana na Origins.