Inchi za Injini

Mtu aulizaye ukubwa wa injini ya motokaa hujibiwa kwa tarakimu, naye hudhani ya kuwa tarakimu kubwa ndiyo injini kubwa. Sivyo. Mwaka 1961 Buick ya Marekani ilitoa injini ya silinda nane iliyoitwa 215. Rover ya Uingereza ikanunua haki ya kuiunda, na mwaka 1970 ikatiwa katika Range Rover, ikiandikwa 3528. Haikukua njiani: Wamarekani walihesabu inchi za ujazo, Waingereza sentimeta za ujazo. Mnunuzi asiyeuliza kipimo aweza kulipia tarakimu tupu.

Inchi moja ya ujazo ni kisanduku chenye urefu, upana na kina cha inchi moja moja, nacho huingia sentimeta za ujazo 16.387. Kipimwacho si chuma cha injini, bali nafasi ipitwayo na pistoni. Silinda ya Buick ilikuwa na kipenyo cha inchi 3.5, na pistoni ilikwenda inchi 2.8. Zidisha kipenyo kwa chenyewe, kisha kwa 0.7854, kwa mwendo wa pistoni, na kwa silinda nane: utapata 215 na nusu hivi.