UCHAMBUZI: Ufunguo wa Ruta ni Mali ya Umma, Uhesabiwe Kama Mali Nyingine

Mwananchi anayelipia huduma ya Serikali kwa kumbukumbu namba huona ujumbe mfupi tu kwenye simu yake. Kabla ya ujumbe huo kumfikia, taarifa zake zimepita katika ruta na swichi kadhaa, ambazo nyingi hufungiwa katika vyumba visivyokaliwa na mtu. Mtaalamu wa TEHAMA huviongoza vifaa hivyo akiwa mbali, pengine mkoa mwingine, kwa kuingia ndani yake kupitia mtandao. Njia hiyo ya kuingilia ni mlango wa huduma nzima. Anayeupata anaweza kugeuza njia ya mawasiliano, kuyanasa au kuyakata.

Kwa miaka mingi mlango huo ulikuwa Telnet, itifaki yenye chimbuko lake mwaka 1969. Telnet hupeleka kila kitu kama kilivyoandikwa, nywila ikiwemo, na anayenasa mawasiliano njiani huisoma kama barua isiyo na bahasha. Mwaka 1995, wizi wa nywila wa namna hiyo katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, ulimsukuma mtafiti Tatu Ylönen kubuni SSH, itifaki inayosimba mawasiliano yote kati ya mtaalamu na kifaa. Toleo la pili la itifaki hiyo lilichapishwa kuwa kiwango cha intaneti Januari 2006.

Nguvu ya SSH imo katika jozi ya funguo. Ufunguo wa umma hufanana na kufuli, unaweza kugawiwa kwa yeyote bila hatari. Ufunguo wa siri hubaki kwa mwenyewe. Ruta huwa na jozi yake, ambayo humthibitishia mtaalamu kwamba amefika kwenye kifaa chenyewe na si kwa mdanganyifu aliyejiweka katikati. Mtaalamu naye huwa na jozi yake: ufunguo wake wa umma huwekwa ndani ya ruta, na wa siri hubaki kwenye kompyuta yake, ukilindwa kwa nywila. Akitaka kuingia, kifaa humtaka athibitishe kwamba anao ufunguo wa siri, na ufunguo huo hausafiri mtandaoni hata mara moja.

Kwa ruta inayokubali SSH, kazi ya kuweka funguo haihitaji ununuzi mpya. Kifaa hupewa jina na jina la kikoa, saa yake hurekebishwa, kisha huamriwa kutengeneza jozi ya funguo. Baada ya hapo toleo la pili la SSH huruhusiwa peke yake, Telnet hufungwa, na anwani zinazoweza kuugonga mlango huo huwekewa mipaka. Fundi makini hajifungii nje: huacha dirisha la kwanza wazi, hujaribu kuingia upya kwa dirisha la pili, na akifanikiwa ndipo huhifadhi mabadiliko.

Hata hivyo, ufunguo dhaifu ni kufuli ya maonyesho. Mwaka 2009 watafiti walifanikiwa kuvunja namba ya RSA yenye urefu wa biti 768. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, inakubali biti 2048 kuwa kiwango cha chini, na mwongozo wa usalama wa mitandao uliotolewa mwaka 2022 na Shirika la Usalama wa Taifa la nchi hiyo, NSA, unapendekeza biti 3072 au zaidi. Urefu nao hautoshi peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulibaini kuwa vifaa vingi vya mtandao vilitengeneza funguo mara tu vilipowashwa kwa mara ya kwanza, kabla ya kukusanya namba nasibu za kutosha. Matokeo yake, vifaa tofauti vilijikuta na funguo zinazokisika, na watafiti hao waliweza kuzipata funguo za siri za DSA za asilimia 1.03 ya mashine za SSH walizozichunguza. Kwa sababu hiyo, funguo zilizokuja na kifaa kutoka kiwandani, au zilizozaliwa siku ya kukiwasha, zinafaa kufutwa na kutengenezwa upya.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwishoni mwa mwaka 2024, Marekani ilipotangaza kuwa mitandao ya kampuni zake kadhaa za simu ilikuwa imeingiliwa na kundi linalojulikana kama Salt Typhoon, ambalo inalihusisha na China. China ilikanusha. Agosti 2025, taasisi za usalama za nchi 13 zilitoa tahadhari ya pamoja kuhusu uvamizi wa aina hiyo. Zilieleza kuwa wavamizi walitumia kasoro ambazo tayari zilikuwa zimetangazwa hadharani, na kwamba baada ya kuingia waliongeza funguo zao wenyewe za SSH ndani ya vifaa, ili waweze kurudi watakapo.

Maelezo hayo ya mwisho yanabadilisha sura ya mjadala. SSH hulinda mlango, lakini haimuulizi mwenye ufunguo kama bado ni mtumishi. Ufunguo uliowekwa na mvamizi, uliosahauliwa na mkandarasi aliyemaliza kazi, au wa mtumishi aliyehamishwa kituo, wote hufungua kwa namna ile ile. Mtumishi anapohama hukabidhi ofisi na gari. Ufunguo wake ndani ya ruta haukabidhiwi. Usipofutwa kwa mkono, hubaki.

Hapa ndipo suala linapotoka kwa fundi na kuingia kwenye uongozi. Katika ofisi ya umma, kiti na meza huandikwa namba na kuingizwa katika rejista ya mali. Ufunguo unaofungua mawasiliano ya taasisi nzima unastahili angalau hadhi hiyo: uwe na jina la mhusika, tarehe ya kuwekwa, kazi yake na siku ya kuondolewa. Orodha hiyo ilinganishwe mara kwa mara na kilichomo ndani ya vifaa, na kumbukumbu za walioingia zihifadhiwe nje ya ruta yenyewe, ambako mvamizi hawezi kuzifuta.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao na kuipa jukumu la kusimamia uzingatiaji wa viwango na miongozo katika taasisi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Gharama halisi iko kwenye ruta zilizozeeka zisizokubali SSH. Hizo hazina tiba ya kudumu ila kubadilishwa, na wakati zikisubiri bajeti, zitengwe zisifikike kutoka intaneti.

Kiongozi wa taasisi hahitaji kuwa mtaalamu wa mitandao ili kujua hali ya nyumba yake. Anaweza kuuliza maswali mawili: ni funguo ngapi zinazofungua ruta zetu leo, na kila moja ni ya nani? Kitengo chenye rejista kitajibu siku hiyo hiyo. Kitengo kisichoweza kujibu kimeshajibu, na kazi yake ya kwanza inajulikana.