Chungu cha Maua Hakichukui Nafasi ya Dirisha

Miongoni mwa hoja zinazotolewa na wauzaji wa mimea ya mapambo, na kukaririwa na mameneja wanaotaka kuonyesha kuwa wanajali afya ya wafanyakazi wao, hakuna iliyoenea kama ile isemayo kwamba vyungu vichache vya mimea vikiwekwa ofisini husafisha hewa. Hoja hiyo ina asili yake. Mwaka 1989 mtafiti Bill Wolverton na wenzake wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walichapisha ripoti ya majaribio ambamo mimea ilifungiwa ndani ya visanduku visivyopitisha hewa, ukaingizwa mvuke wa kemikali kama benzini na fomaldehaidi, ambazo katika majengo hutokana na rangi, gundi na mbao za viwandani, kisha kiasi cha kemikali hizo kikaonekana kupungua. Ofisi, hata hivyo, ina milango inayofunguliwa na nyufa zinazopitisha upepo, na hewa yake hubadilika kila saa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, mjini Philadelphia, walizipitia upya tafiti 12 za aina hiyo na kukokotoa kwamba, ili mimea ifikie kiwango cha usafishaji kinacholetwa na mzunguko wa kawaida wa hewa ndani ya jengo, ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Kwa kipimo hicho hata ofisi pana isingebaki na mahali pa kuweka meza.

Kuikataa hoja ya hewa si kuikataa mimea, kwa maana faida yake iko upande wa akili, na huko ushahidi una uzito zaidi. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, akaonyesha kwamba wale 23 ambao madirisha yao yalitazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema na kutumia dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wenzao 23 waliotazama ukuta wa matofali. Maelezo yanayotajwa mara nyingi kuhusu matokeo ya namna hii ni ya wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan, waliofundisha kwamba umakini wa makusudi, yaani ule anaoutumia karani anapokagua hesabu au mhariri anaposoma prufu, huchoka kama msuli unavyochoka, na kwamba majani, maji na mawingu, vitu vinavyovuta jicho bila kuishurutisha akili, huupa umakini huo nafasi ya kurudi. Nchini Japani watafiti wa Chuo Kikuu cha Hyogo waliwaomba wafanyakazi 63 wa ofisi wapumzike kwa dakika tatu mezani pao kila walipohisi uchovu, kwanza bila mmea na baadaye wakiwa na mmea mdogo mbele yao, na katika kipindi cha mmea wasiwasi wao ulipungua, huku mapigo ya moyo ya takriban robo yao yakishuka waziwazi baada ya mapumziko hayo. Linalosahaulika katika habari ya jaribio hilo ni kwamba kila mfanyakazi aliuchagua mmea wake mwenyewe kati ya aina sita, akaumwagilia na kuutunza kwa mkono wake.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Mwaka 2010 Craig Knight na Alexander Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walilinganisha ofisi tupu, isiyo na kitu ila meza na vifaa vya kazi, na ofisi iliyopambwa kwa mimea na picha. Waliofanya kazi katika ofisi iliyopambwa walizalisha zaidi kwa takriban asilimia 17, na wale walioruhusiwa kuipanga mimea na picha hizo watakavyo walifikia asilimia 32. Kulikuwa na kundi jingine, ambalo safu hii inaliona kuwa lenye mafunzo makubwa kuliko yote: watu wake walipanga chumba kwa hiari, kisha msimamizi akaingia na kuupangua mpangilio wao, na faida yote ikapotea ingawa mimea ilikuwa ileile. Mfanyakazi anayeletewa chungu asichokiomba, akaambiwa asikisogeze kwa kuwa kitaharibu mwonekano wa ofisi, hupata kivuli tu cha faida inayodaiwa.

Kwa Afrika Mashariki suala hili si geni, kwani sehemu ya mimea inayopamba ofisi za dunia chimbuko lake ni misitu ya hapa. Zamia, yenye majani mazito yanayong'aa, huota yenyewe kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, na ilienea duniani baada ya vitalu vya Uholanzi kuanza kuizalisha kibiashara katika miaka ya 1990. Ua la urujuani la Usambara, ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia kwa jina la ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1890, lilitoka katika milima ya Tanga. Ua hilo limezoea kivuli cha miti mikubwa, na zamia ina shina nene chini ya udongo, mfano wa kiazi, linalohifadhi maji, na kwa sababu hizo huvumilia meza iliyo mbali na dirisha. Ikiwa hata zamia inanyauka mahali fulani kwa kukosa mwanga, mtu anayekaa hapo kutwa naye hapati mwanga wa kutosha.

Kuna hatari moja isiyopaswa kupuuzwa. Mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengue iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaliana katika maji machache yaliyotuama, yakiwemo yale ya visahani vya chini ya vyungu, na huuma mchana, saa zilezile za kazi. Visahani hivyo vimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtwika mwajiri jukumu la hewa na mwanga wa kutosha, na jukumu hilo halitimizwi kwa mapambo. Mwajiri mwenye fungu la fedha kwa ajili ya ustawi wa wafanyakazi aanze na madirisha yasiyofunguka na viyoyozi visivyosafishwa. Zitakazobaki awakabidhi wafanyakazi wenyewe, waende kwa wauza miche wa kando ya barabara, na kila mmoja achague mmea wake na mahali pa kuuweka.